Nusu Fainali Sebuleni kwa Akina Klaudia

"Huyo babu aache raketi, akalee wajukuu," alisema Audax. Hakumtazama mzee Mutalemwa alipokuwa anasema. Alitazama televisheni.

Kwenye televisheni Halvorsen, mwenye miaka thelathini na tisa, alikuwa anafuta jasho. Ng'ambo ya wavu Duarte, wa miaka ishirini, alikuwa anarukaruka kama vile mchezo haujaanza. Ilikuwa nusu fainali, na kila mmoja ameshachukua seti moja.

Mzee Mutalemwa alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Alisema mwaka wa tatu huu watu wanamzika Halvorsen, na kila mwaka wanamkuta nusu fainali. Alisema kwa upole, ule upole wa mtu anayejizuia.

Ildefons, mshenga, alikuwa ameketi katikati yao kwenye stuli, magoti yamebanana. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kufika nyumba hii ya Bakoba kwa ajili ya ndoa ya Klaudia. Mara mbili jibu lilikuwa "subirini kidogo". Leo Jumapili, watu wakiwa wametoka misani, ilikuwa lazima litoke, liwe ndiyo au hapana. Kati ya wanaume hawa wawili mmoja alikuwa na la kuomba na mwingine alikuwa na la kutoa, na hakuna aliyetaka hata kumsogezea mwenzake kikapu cha kahawa ya kutafuna kilichokuwa mezani.

Hawakuwa wageni. Walijuana kwa Zahoro, kwenye kibanda cha kuonyesha mechi, ambako wapenzi wa tenisi hawafiki kumi na benchi lao ni moja. Walianza kununiana hapo, kisa nani mkali na nani amekwisha. Jina la Klaudia lilipoingia, hata salamu ikafa.

Ildefons aliinama akamnong'oneza Audax amwite mzee taata, yaani baba, angalau mara moja, mbona neno lenyewe halina uzito. Audax alijibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba taata wake amelala Buganguzi chini ya migomba yake, na hana mwingine.

"Na hicho kibanja cha Buganguzi ulichorithi," aliuliza Mutalemwa, macho kwenye mchezo, "siku hizi nani anakipalilia?"

Audax aliongeza sauti ya televisheni. Jikoni Klaudia alikuwa anamenya ndizi na kuzitupia kwenye sufuria. Mlio wa ndizi ukakoma kidogo. Kisha ukaendelea.

Klaudia alikuwa anasikia yote. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni jipya la kijani. Mutalemwa alilisifu alipoliona. Audax aligeuza uso. Tangu hapo hakutoka tena jikoni. Aliwaombea tu wasishikane mashati, kwa sababu alimpenda kila mmoja kwa namna yake na hakutaka kumpoteza hata mmoja.

Seti ya tatu ikawa mbaya zaidi sebuleni kuliko uwanjani. Audax alihesabu kwa vidole: Halvorsen amepasuliwa goti mara mbili, amebadilisha makocha watatu, na anachotafuta sasa ni kupigiwa makofi ya mwisho kabla hajaingia kaburini. Mutalemwa alisema Duarte ana mkono mzito, sawa, lakini subira hana. Akikosa mipira miwili anavunja raketi, na raketi zenyewe ananunuliwa.

"Mtu wa namna hiyo," alimalizia, "hajawahi kuishi siku moja bila kubembelezwa."

Ildefons alikohoa. Akashauri labda wazime televisheni, waongee jambo lililowaleta. Audax alisema wanaliongea.

"Kijana," alisema Mutalemwa, "Halvorsen hajakukosea kitu. Mtaje unayemchukia."

"Wewe," alisema Audax.

Hakupandisha sauti. Ildefons aliinamisha kichwa. Aliona ndoa inamfia mikononi, naye alikuwa bado hajapewa hata maji ya kunywa.

Wakati huo Duarte aliudondosha mpira mfupi nyuma tu ya wavu. Halvorsen aliukimbilia, mguu ukateleza, akaenda chini kifudifudi. Hakuinuka. Watu wawili walikimbia wakamshika makwapani.

Audax alicheka kicheko kikavu. Alisimama, akanyoosha rimoti kwenye kioo, kisha akaigeuza polepole mpaka ikamwelekea Mutalemwa kifuani.

"Pale ana watu wa kumwinua," alisema. "Mzee kama huyo akianguka nyumbani, bafuni huko, nani atamwinua?"



"Mimi," alisema Klaudia.

Alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimejaa utomvu wa ndizi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi. Alimtazama Audax mpaka mkono wenye rimoti ukashuka wenyewe.

"Nitamwinua mimi, na siku nikianguka mimi ataniinua yeye. Wewe, Audax, nilikubeba tumboni miezi tisa na mgongoni miaka thelathini. Sasa shuka."