Kipara cha Mke wa Seremala

Mke wa seremala alirudi kutoka saluni hana hata unywele mmoja kichwani, na anacheka mpaka anashika ukuta.

Msusi, alisimulia, alianza kulia tangu mkasi wa kwanza. Alikuwa ameambiwa tu kwamba Jumatatu matibabu ya saratani yanaanza, basi, machozi yakammwagika na malipo akayakataa. Mteja wake alijaribu kumweleza jambo, wapi, kilio kilishakolea.

"Ikabidi nimbembeleze mimi," alisema, akijipapasa kipara. "Nimemfuta mpaka kamasi."

Binti yao alimzunguka mama yake, akasema kichwa kina umbo zuri, kumbe miaka yote kilifichwa bure. Seremala naye alicheka, lakini roho yake ilikuwa juu juu. Alichoogopa zaidi ni nyumba. Matibabu yangechukua miezi, na kazi ambazo mikono ya mmoja ilizoea kuzifanya peke yake zingebaki bila mwenyewe. Wangekula nini?

"Usinitolee macho," mkewe alimwambia. "Jikoni, twende."

Wiki nzima seremala alikuwa mwanafunzi wa jikoni. Mtu anayeunga mbao mbili usione zilipokutana, alishindwa na sufuria moja ya wali. Wa kwanza ulikuwa uji, wa pili changarawe. Binti aliomba apewe patasi ya kulia. Mkewe akamletea kigoda kirefu kutoka karakana na kumwamuru apike amekaa. Aliyesimama, alidai, anakuwa na haraka, ndiyo maana vitunguu vinaungua. Seremala akakaa, akakoroga, akaunguza vilevile.

Nyumba ikapinduliwa. Kitanda kilihamishiwa chumba kilicho karibu na choo. Paka akakabidhiwa binti, yeye na mchanga wake, kwa sababu daktari alikataza mgonjwa kugusa uchafu wa mnyama. Daktari alitaka pia meno yatazamwe mapema, maana dawa huweza kuleta vidonda mdomoni. Wakaenda wote wawili, mume na mke, wakatoka midomo imekufa ganzi, kila mmoja akimcheka mwenzake huku mate yanamtoka.

Mchana, mke alishinda karakana. Siku hizo hawakutaka kuachana hata kidogo. Alikaa juu ya rundo la mbao akiuliza maswali kama mtoto, hii inafanya nini, ile inazimwaje, na mumewe alimjibu yote kwa subira ambayo hakuwahi kuwa nayo. Alimpenda mno mwanamke huyu, na sasa upendo wenyewe ulimtia kiwewe.

Jumapili wali ulitoka mzuri, punje kwa punje. Binti aliongeza sahani bila kuombwa. Seremala akaweka kijiko chini.

"Naogopa," alisema.

Mkewe akamjibu kwamba na yeye anaogopa, tena sana, halafu akaomba ukoko. Kicheko kilichofuata kiliwatoa machozi wote watatu, na hakuna aliyeuliza machozi hayo ni ya nini hasa.

Asubuhi yake waliingia chumba cha matibabu wameshikana mikono. Muuguzi, dada mmoja mpole, aliwatazama, akamwendea mwenye kipara, akamshika bega na kumwonyesha kiti kilichokuwa kando ya dripu.

"Si mimi, dada," alisema mke wa seremala. "Hiki kipara ni kwa ajili ya mashine ya mbao, inakamata nywele. Nina oda ya viti, nikitoka hapa naingia kazini."

Akamkalisha mumewe kitini taratibu, akamkunjia mkono wa shati.

"Mgonjwa wako ndiye huyu. Na ndiye mpishi wangu, nakuomba unirudishie."