Jina la Asubuhi kwenye Mnara

Kijijini kwetu mfereji wa nyumbani hautoi maji mpaka mtu wa nyumba hiyo aende kila asubuhi kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita ulio barabarani na kuutamkia jina la askari mgeni tuliyepangiwa. Wetu ni Harold Whitcombe. Leo shangazi Mkamburi alikataa. Alitamka, "Mwambingu wa Righa," babu wa babu yake, mpagazi aliyefia vitani akiwabebea mizigo askari wageni hao hao.

"Shangazi, mtoto hajaoga tangu jana," nilimnong'oneza.

"Mwache anuke."

Waliopanga foleni nyuma yetu walirudi hatua moja. Kisha mnara ukauliza kwa upole, "Alizikwa wapi?"

Shangazi alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua.