Neno la Fundi Sikio

Tairi moja la nyuma lilikuwa na vinyweleo. Binti wa fundi aliliona kabla gari halijasimama katika ua wa gereji: vile vijinywele vya mpira ambavyo tairi jipya huwa navyo wiki ya kwanza, kabla barabara haijavinyoa. Matairi mengine matatu yalikuwa upara.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la buluu, la milango mitano, limeinamia mbele kama paka anayenyatia. Dalali alishuka akiwa anacheka tayari.

“Usione udogo wa pilipili, dada,” alimwambia mkunga aliyeshuka upande wa pili. “Hili linavuta kwa miguu yote minne. Tena lina turbo. Ukilikanyaga, roho inabaki nyuma, inakufuata na pikipiki.”

Mkunga alicheka kidogo. “Mimi sishindani na mtu, kaka. Nataka gari la kila siku. Kazini, sokoni, shule ya watoto.”

Magari mawili alikuwa ameshayakataa wiki hiyo. Zahanati yake ilikuwa juu ya mlima, na njia yake ilikuwa ya udongo mtupu.

“Mvua zilizopita niliacha gari chini, magurudumu yanazunguka palepale, nikapanda kwa miguu,” alisema. “Nilipofika, mtoto alikuwa analia na mama yake ameshatangulia. Sitaki kuchelewa tena.”

Dalali aliacha kucheka. “Ndiyo maana nimekuleta kwa Fundi Sikio. Mimi ni dalali, naweza kukudanganya. Huyu mzee hadanganyi.”

Hilo lilikuwa kweli. Mitaa yote ya karibu, hakuna aliyenunua gari lililotumika kabla Fundi Sikio hajatembea nalo kuzunguka ua wa gereji. Alikuwa akiweka kiganja juu ya paa, anainamisha kichwa, anatulia, kisha anainua macho na kutoa neno moja: zima, au bovu. Watu waliondoka na neno hilo kama cheti.

Kila mara binti yake alitembea upande wa pili wa gari, na kitambaa cha kufutia mkononi. Aliacha shule darasa la tano, mwaka ule baba yake alipolazwa kwa homa kali ya kichwa. Alipotoka hospitali, baba alitaka mtoto awe naye gereji, asiende mbali. Binti alikuwa na haya tangu utotoni, na kazi ile ilimfaa, maana haikutaka maneno. Dalali alimwita Bubu.

“Bubu, hujambo? Leo umeota meno au bado?”

Binti aliangalia chini.

Mkunga aliinama kutazama kiti cha nyuma na buti. “Fundi, wanangu pacha na mikoba yao wataenea humu?”

Fundi, aliyekuwa nyuma yake, hakujibu. Mkunga hakukasirika. Wenye kipaji hawana maneno mengi.

Dalali akaliwasha gari, akaliendesha polepole kuzunguka ua. Fundi aliweka kiganja juu ya paa. Lakini safari hii mkunga, kwa hamu yake, alikwenda upande wa binti, akatembea katikati ya binti na gari, shingo ameinyoosha kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Gari lilipokata kona ya kwanza, binti alilisikia. Chini kwa nyuma kulikuwa na mlio mwembamba, kama mbu ndani ya chandarua. Kwenye kona ya pili mlio ulipanda. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halitaki tairi moja jipya na matatu yaliyochakaa. Difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, hujisaga yenyewe polepole, mpaka siku moja inakaza magurudumu ghafla. Siku hiyo ikikukuta kwenye mteremko wenye matope, na watoto nyuma, basi.

Fundi aliinua macho. Alitazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyedondosha kitu. Mbele yake alimwona mkunga tu, uso wake wote ukimwomba.

“Zima,” alisema Fundi. “Chukua, mwanangu.”

Mkunga alipiga makofi kama mtoto. Akasogea kando, akatoa simu kumwambia mumewe. Hapo ndipo baba na binti walipotazamana. Binti alikuwa amekiweka kitambaa begani, kama kila mara gari likiwa bovu. Uso wa baba ulishuka. Alimtazama mkunga anavyocheka kwenye simu, akamtazama dalali anavyomsifu, akafikiri kidogo. Kisha akampa binti yake mgongo.

“Baba,” aliita binti.

Fundi hakugeuka.

“Baba!”

Fundi alikuwa anapigapiga paa la gari kwa upole, kama anayembembeleza mtoto alale.

Mkunga alishusha simu. “Unasemaje, mdogo wangu?”

Binti aliinua macho. Watu wawili waliokuwa wakingoja zamu yao kwenye benchi waligeuka, wakamtazama. Alijua kwamba akifungua kinywa leo, kesho benchi lile litakuwa tupu, na keshokutwa pia.

“Usilinunue, dada. Difu ya nyuma imekwisha.”

Dalali aliangua kicheko. “Makubwa! Bubu ana ulimi! Haya, tuambie basi, tumsikilize nani? Wewe, au Fundi Sikio?”

Binti aliutazama mgongo wa baba yake, shati lile alilolifua mwenyewe jana.

“Mimi,” alisema. “Baba hasikii kitu tangu alipotoka hospitali.”