Riali Mia Tatu na Hamsini

Mahrous aliuziba mlango wa ofisi ya klabu kwa kiwiliwili chake kizima, mikono kaishika fremu huku na huku, na mwenyekiti wake akabaki ndani kama mfungwa.

"Nipishe, mwanangu," alisema Khalaf. "Ligi inaitaka orodha kabla ya adhuhuri."

"Sikupishi, ami. Nipunguzie. Nilipe mia mbili. Nilipe mia. Usinifute tu."

"Hata hiyo mia itazidi. Na kucheza bure ligi hairuhusu. Nifanyeje mimi?"

Ligi ilikuwa imeweka ukomo: klabu isiwalipe wachezaji wake wote pamoja zaidi ya riali elfu nne kwa mwezi, iwe tajiri, iwe maskini. Klabu hii ya Ibra ilikuwa imemleta Mohannad, jitu refu la kucheza chini ya kikapu, na kwa mshahara wake hesabu ikaupita ukomo kwa riali mia tatu na hamsini. Mahrous alikuwa akilipwa riali mia tatu na hamsini, kamili. Ana miaka thelathini na minne na goti bovu. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua nani wa kutolewa.

Na Mahrous, masikini, hakuwa akiulilia mpira. Alikuwa akililia jiko. Kule Al Kamil alikuwa na mama yake, dada yake Wasan, na Reem, kibinti cha Wasan cha miaka minne, wote wanamtazama yeye. Kazi nyengine alikuwa kaomba mpaka kachoka, kila ofisi ikimwambia asubiri. Kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa miezi miwili, na mwenye nyumba keshampa muda mpaka mwisho wa mwezi.

"Nikamwambie nini mama?" alisema.

Akaanza kulia palepale mlangoni. Jamani, mwanamume wa mita mbili kasoro vidole, analia kwa kwikwi mbele ya wenzake! Khalaf akageuza uso, akajitia anatafuta kalamu.

Ndipo Turki, aliyekuwa humo ofisini na wachezaji wengine, akainuka kitini.

Turki ndiye aliyekuwa nyota wa timu, riali mia sita kwa mwezi. Alikuwa pia mume wa Wasan, mpaka alipompa talaka yake baada ya Ramadhani. Tangu siku hiyo yeye na Mahrous wakipasiana mpira, lakini salamu hawapeani. Mahrous alipomwona anasimama alijikaza, akijua ni kejeli inakuja.

"Zikateni kwangu hizo mia tatu na hamsini," alisema Turki. "Mimi nibaki na mia mbili na hamsini, na shemegi abaki kikosini."

Shemegi! Miezi saba hajalitamka neno hilo.

"Turki, unajua unalolisema?" aliuliza Mahrous.

"Reem si anakula kwako? Basi yamekwisha."

Khalaf hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliandika mkataba mpya papo hapo. Turki alitaka uandikwe sawasawa: tarehe, muhuri wa klabu, na nakala yake mkononi. Akataka na shahidi.

"Shahidi awe shemegi mwenyewe," alisema. "Watu wasije wakasema tumetunga."

Mahrous alitia saini, akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa. Kisha akamkumbatia Turki, akamwomba radhi kwa kila neno baya alilowahi kumsema. Wakati anatoka alimsikia Khalaf akimnong'oneza Turki apite dukani kwake Sinaw mwisho wa mwezi, na asiwe na wasiwasi, chake hakitapotea. Alidhani mzee anataka kumzawadia mbuzi wa soko la huko.

Njia nzima ya kurudi Al Kamil aliendesha gari huku akiimba peke yake. Alisimama kununua halwa, bakuli kubwa, lile ambalo tangu Idi hakuthubutu hata kuliuliza bei. Akampigia mwenye nyumba, akamwambia pesa zake zipo, asiwatie mama yake presha tena.

Wasan ndiye aliyemfungulia mlango, simu mkononi.

"Nimebaki!" alisema Mahrous. "Na huwezi kuamini nani kaniokoa. Turki! Kaacha zaidi ya nusu ya mshahara wake kwa ajili yetu. Wallahi tulimdhulumu kwa maneno, Wasan."

Wasan hakuonyesha kumsikia. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira, macho hayabanduki kwenye simu.

"Kaka, kuna jambo nilikuficha. Nilihofu mtapigana uwanjani," alisema. "Nimemshitaki Turki. Zile safari zangu za Ibra hazikuwa za daktari wa meno. Jumapili kadhi anamkadiria nafaka ya Reem, pesa za kumtunza mtoto, kwa mujibu wa mshahara wake."

Mahrous aliliweka bakuli la halwa chini.

"Sasa hivi wakili wake kaniletea picha ya karatasi ya klabu," Wasan akaendelea. "Ati mtu yule analipwa mia mbili na hamsini! Ina muhuri, ina tarehe, ina na shahidi. Uongo mtupu, na nitaupinga mbele ya kadhi. Hebu kwanza nimwone huyo mtu asiyemwogopa Mungu aliyeitolea ushahidi."

Akaikuza picha kwa vidole viwili.