Pumu ya Ngozi

Mchana wa kupakwa hina, Shemsa alikunja mikono ya gauni mbele ya mawifi zake watarajiwa. Mabaka mekundu yalipanda hadi viwikoni. Mawifi wakayakodolea macho. Wakimwogopa tu, harusi ya kesho inaingia nyongo.

"Ni pumu ya ngozi," alisema haraka haraka. "Haiambukizi. Ila piko, ile rangi nyeusi, sipakwi, itaniunguza."

"Pumu?" alidakia Bishara, wifi mkubwa, akimshika mkono. "Na wewe unaufungia ndani ya gauni! Utapumua saa ngapi?"

Chumba kizima kililipuka kwa vicheko na vigelegele. Shemsa naye alicheka mpaka akakaa chini.

"Lete huo mkono, bibi harusi," alisema mpambaji wa hina. "Mabaka siyagusi, nayazungushia maua."

Ua la kwanza likaanza kuchanua kando ya baka kubwa kuliko yote.