Plasta ya Nne

Jirani yetu, fundi cherehani, anadai alimwona baba akianguka kwenye ukumbi wa bolingi, yeye na tufe lake, puu! "Baba yako anaumwa, mdogo wangu," aliniambia. Nikamjibu kwamba ulimi wake ni mrefu kuliko uzi wake.

Jumamosi kulikuwa na mashindano ya watu wote, hata wasiojua kurusha. Tukajiandikisha wawili, mimi na baba.

"Mzee, huyu binti ni mchezaji au mchukuzi?" karani akatania.

"Vyote viwili," baba akacheka, akanipa tufe lake nimshikie.

Tufe hilo lilitobolewa kwa kipimo cha vidole vyake. Zamani gumba lake lilikuwa likiingia kwa shida. Nikachungulia tundu la gumba. Ndani alikuwa amebandika plasta juu ya plasta, juu ya plasta nyingine, ili gumba lisipwaye.

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama nikihesabu. Akatoa plasta mfukoni.

"Niongezee ya nne, mwanangu," akasema taratibu. "Halafu mama yako asijue."

Nikakata plasta kwa meno, nikabandika. Hilo la mama sikumwahidi.