Mikato Sita

“Hivi mama yako anaupaka mlango mafuta ili ufunguke, au ili usitoboe siri za ndani?” jirani aliwahi kuuliza, shingo juu ya ukuta.

Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba ile, alicheka. “Hapaki mlango, shoga. Ananipaka mimi.”

Na aliamini hivyo. Kila alfajiri, akishamaliza kusali, mama alichovya kidole kwenye mafuta akakipitisha taratibu juu ya mikato mitatu iliyochongwa kwenye mwimo, ule mti wa pembeni unaoshika bawaba. Midomo ilicheza, sauti haitoki.

Mwimo ule ndio kitu pekee walichohama nacho kutoka mji wa kwao. Baba alikuwa seremala. Aliung'oa kwenye nyumba ya zamani akaja kuusimika hapa, maana ndipo alipopimia watoto. Kila mwaka mtoto anasimama wima, kalamu inapita juu ya utosi, kisha patasi: tak!

Safu zilikuwa mbili. Ya kushoto mikato mitatu, ikaishia kiunoni mwa mtu mzima. Ya kulia mikato sita, imepanda mpaka chini ya kifua. Fupi ya mdogo, ndefu ya mkubwa. Hilo halihitaji kwenda shule.

Kitinda alikuwa na kumbukumbu moja tu ya kwao: baridi ya mti mgongoni, na baba akisema, “Teremsha kisigino, we mwizi wa urefu!” Basi. Mengine yote ya mji ule alikuwa nayo Dada Mkubwa, aliyempita kwa miaka ishirini.

Na Dada hakuwa mchoyo wa kuyatoa. Akija na kapu lake la matunda, mara mbili kwa mwaka, hata kiatu hajavua ameshaanza.

“Mtoni palikuwa na mawe saba ya kufulia. La mama lilikuwa la mwisho, lina kishimo cha sabuni.”

“Si yalikuwa matano?” Kitinda alijaribu siku moja.

“Wewe utajua wapi? Hata kamba ya kiatu ulikuwa hujui kufunga!”

Mama akacheka. Kitinda akaondoka kwenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Aliyaonea wivu mawe. Mtu mzima, mpiga pasi anayeheshimika mtaa mzima, anayaonea wivu mawe ya mtoni!

Hata baba, marehemu wa miaka mingi, Dada alimwita “Fundi”, kama wateja walivyomwita. Kitinda alikuwa akisonya kimoyomoyo: anajifanya rika lake.

Nani alimuuguza mama miaka kumi na mmoja? Nani alimgeuza kitandani, akamwosha, akamwinua ili asali, akamshika mkono mpaka mlangoni? Basi zile dakika za alfajiri, kidole cha mama kikipita juu ya ile mikato mitatu, ndizo zilikuwa ujira wake. Hakuwahi kumwambia mtu.

Kisha, siku tatu kabla ya kukata roho, mama alisema: “Nyumba ni yako, mwanangu. Ila ule mwimo mpe dada yako. Ameniomba.”

“Mama! Una watoto wawili, na kitu cha kwetu ni kimoja.”

Mama alifumba macho. “Watoto wangu Mungu anawajua,” alisema. Ndivyo alivyojibu siku zote mtu akitaka kuwahesabu.

Wiki ya tatu baada ya maziko, Dada alileta salamu kwamba anakuja na fundi kuung'oa mwimo. Asubuhi ile Kitinda alisali. Akainama, akavuta randa ya baba kutoka uvunguni.

Alianza na mkato wa juu kabisa. Randa ilikuwa kali bado. Mti ukatoa maranda laini, yaliyojikunja kama nywele. Wa sita ukaenda. Wa tano. Jasho likamtiririka. Mto kachukua, mawe kachukua, vicheko vya mama kachukua. Mti na achukue, lakini miaka yake hataondoka nayo.

Alipomaliza, upande wa kulia ulikuwa mweupe kama mfupa. Ile mitatu ya kushoto hakuigusa. Aliipaka mafuta, mkato kwa mkato, kama mama.

Dada alifika jua likiwa limepanda. Yule fundi aliyekuja naye alibaki nje na mtaimbo wake. Dada aliingia kiubavuubavu, asiuguse mwimo, kama alivyoupita mlango ule miaka yote. Akayaona maranda sakafuni.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi.” Kitinda aliiweka randa chini. “Wewe kwetu unako kichwani, Dada. Mimi ninako hapo tu. Nimefuta yako, nimekuachia yangu. Ichukue, uwe unaitazama.”

 Dada alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya ile mikato mitatu mpaka mafuta yakang'aa kwenye ukucha.

“Huyu, mdogo wangu wa kwanza, nilimbeba mgongoni,” alisema. “Alitangulia mbele ya haki kabla wewe hujazaliwa. Kwa ajili yake ndiyo nikamwomba mama.”

Akaokota kipande kimoja cha maranda, chenye alama ya patasi katikati, akakiweka kwenye kiganja cha mdogo wake na kumfumba vidole.

“Ile sita ilikuwa yako, Kitinda. Mimi, baba yako Fundi hakunisimamisha hapo hata siku moja. Mama aliolewa naye nimeshakua.”

Akageuka, akatoka kiubavuubavu bila kuugusa mwimo.